Kisima Ambacho Ng'ombe Alikikataa

Siku ya kwanza kazini nilipewa kushika klampu, basi. Klampu ni kile chuma kinachobana bomba lisiporomoke kisimani wakati wenzako wanafungua kipande cha juu. Fundi Mkuu wa karakana ya maji Bariadi, mtu wa maneno machache, aliniangalia mikono akasema, "Ukiachia hapo, kijana, umezika kisima cha watu." Sikuachia. Mkojo ulinibana mpaka mchana na niliogopa kuomba ruhusa.

Niliishia darasa la saba, kwa hiyo msitarajie utaalamu mwingi. Kazi yetu haikuwa kuchimba. Wachimbaji walikuja, wakapigiwa makofi, wakaondoka. Sisi tuliitwa miaka baadaye, kisima kirefu kikiwa kinatoa maji kidogo au kimenyamaza kabisa. Tulisimamisha miguu mitatu ya chuma, tukavuta mabomba yote juu, tukabadilisha washa, zile pete za ngozi za kuzuia maji yasivuje, kwenye silinda, yaani ile sehemu ya chini inayosukuma maji. Bomba likikatikia ndani, tulilivua kwa ndoano kama samaki, na hapo ndipo uvumilivu wa mtu hujulikana. Tope likiziba chujio, tulipuliza hewa kwa kompresa mpaka maji machafu yaishe.

Halafu serikali ikaanza kujitoa kwenye kazi hiyo. Vipuri vikakosekana boharini, wengi wetu tukapunguzwa kazi, makandarasi binafsi wakaingia. Mmoja alinichukua, nikawa chini ya Mhandisi kijana aliyetoka Mwanza. Sitamsema vibaya: alikuwa na haraka, lakini kazi yake ilikuwa safi. Utaratibu mpya ulisema kisima ni mali ya kijiji. Wazee wasipokikubali, hakuna makabidhiano.

Kwenye kijiji kimoja upande wa Lagangabilili, mkoa ukiwa bado Shinyanga, tulikuta kisima kimekufa. Watu walichota kwenye mashimo ya mchanga mtoni, pamoja na mifugo. Mama Mbuke, mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwa amezika mjukuu aliyeharisha. "Hiki kisima nakitaka kuliko nyie mnavyotaka kulipwa," alituambia.

Tulikiamsha. Tukatia klorini, dawa ya kuua vijidudu, tukailaza humo, kesho yake tukatoa maji mengi. Mhandisi akapima, akasema ni salama.

Siku ya makabidhiano Mzee Nkwabi, mmoja wa wazee waliotakiwa kukikubali kisima, alikuja na ng'ombe wake mwekundu, kiongozi wa kundi. Akammiminia ndoo ya maji ya kisima kwenye birika la kunyweshea mifugo. Ng'ombe akanusa, akapiga chafya, akageuka.

"Mwangaluka, mafundi," mzee akatusalimia taratibu. "Mmetia nini humu?"

"Dawa ya vijidudu, baba," nikajibu.

"Inaua vijidudu tu?"

Watu wakacheka, lakini akina mama wakainua ndoo zao kuelekea mtoni. Maji aliyoyakataa ng'ombe, mtu atayanywaje?

"Kipimo kinasema salama," Mhandisi alirudia. Alikuwa sahihi. Mzee naye alikuwa sahihi, harufu ilikuwepo. Mimi nikasimama katikati kama mwizi. Kompresa ilikuwa inasubiriwa kwenye kisima kingine Shishiyu, na Mhandisi alikwisha kuamuru tupakie vyombo.

Nikamsogelea Mama Mbuke. "Mama, harufu itaisha maji yakizidi kutolewa. Ni kupampu tu."

Akamgeukia mzee. "Nkwabi, huyu ng'ombe wako atatuambia mwenyewe siku akikubali. Tupampu."

"Apampu nani? Mimi?"

"Mikono si unayo? Au ni ya kumegea ugali tu?"

Mzee akavua koti, akashika mpini. Walioanza kwenda mtoni wakarudi kutazama, kisha wakaanza kupokezana. Mhandisi alitazama saa, akatazama gari, mwisho akakunja mikono ya shati.

"Pole pole, Mhandisi!" Mama Mbuke akamtania. "Ukikamua hivyo unapigwa teke!"

Ng'ombe aliitwa mara kadhaa akakataa. Nilianza kuogopa kwamba nimewadanganya watu. Jioni akanusa, akasimama muda mrefu, akainamisha kichwa akanywa. Mama Mbuke alikinga kikombe, akanywa chote, akakaa chini pale pale kwenye tope.

Tangu hapo sikukabidhi kisima bila kuomba ng'ombe aletwe kwanza. Wahandisi wengine walinicheka, na mpaka leo sijui kama ule ni utaalamu au ni woga wangu.

Sasa nimestaafu, naishi Somanda. Wiki iliyopita mkwe wa Mama Mbuke, ambaye ndiye anayeshika kamati siku hizi, alipita kunisalimia akitoka hospitali. Akanieleza kwamba pampu iliharibika, wakavuta mabomba wenyewe, wakabadilisha washa, maji yakarudi. Nilijisikia vibaya kidogo, nikamuuliza mbona hawakuniita.

Alishangaa kweli. "Tukuite uje kufanya nini, baba?"

Nimelicheka swali hilo wiki nzima.