Kola ya Tosha

Lastiki ya sketi ndiyo iliyomlaza Tosha kwenye meza ya daktari. Mumbi, mwenye mbwa huyo, ni fundi wa nguo mtaani Landless, na Tosha alizoea kutafuna chochote kilichoanguka chini ya cherehani. Munyao, daktari wa mifugo, alimpasua tumbo, akaitoa ile lastiki, kisha akamvisha kola ya plastiki iliyopanuka kama faneli.

"Asirambe mshono, mama," alimwonya Mumbi. "Akiuramba utafunguka."

Nyumbani kola ikawa mateso. Iligonga kila mlango, ikamzuia kufikia maji, ukingo wake ukamchubua shingo. Wapangaji wa ploti walicheka. Aliyecheka zaidi ni Kahiga, mwangalizi wa ploti, ambaye Tosha alikuwa akimbwekea kila alipokuja kubisha mlango. Kahiga hakukawia kugundua kwamba mbwa akivaa kitu kile haoni kando wala hawezi kuuma. Akawa anamjia kwa nyuma na kumpiga teke la mbavu. Siku moja Mumbi alimwona kupitia dirisha.

"Kahiga, huyo ni mgonjwa."

"Si ndiyo maana namsaidia kutembea, mama?"

Waliokuwa wakichota maji mferejini wakaangua kicheko.

Mumbi akarudi kwa Munyao kuuliza kama kuna kola nyingine. Ipo ya kujazwa hewa, daktari alimwambia, lakini mbwa wa shingo ndefu kama Tosha angeipita na kufika tumboni. Bora ile nene ya kitambaa, inayokaza shingo isipinde na kuacha uso wazi. Ya kimo cha Tosha hakuwa nayo, ila moja ya mbwa mdogo. Mumbi aliigeuza ile ndogo mikononi hadi akaelewa ilivyoshonwa. Alipofika nyumbani alikata sponji ya godoro, akaifunika kwa pamba laini mahali inapogusa ngozi, akamfunga Tosha kuanzia taya hadi mabegani. Tosha alikunywa maji mpaka sufuria ikakauka, akalala usingizi wa kukoroma. Mumbi naye alilala vizuri.

Kahiga hakujua tofauti ya kola na kola. Alipoinua mguu kama kawaida, Tosha aligeuka mwili mzima akamng'ata muundi.

Mwenye ploti alipiga simu siku hiyohiyo. Mbwa aondoke au Mumbi aondoke. Waliomcheka Tosha wakawa mashahidi kwamba ni mkali tangu zamani. Mateke hakuna aliyeyakumbuka. Kui, binamu ya Mumbi anayeishi Mwiki, alipoombwa amchukue alisema ana watoto. Wengine wawili hawakupokea simu.

Basi Mumbi akamrudisha Tosha pale pale alipotibiwa. Munyao alimfungua kola, akapitisha kidole tumboni.

"Umepona vizuri sana huu mshono," alisema, kisha akaenda kutafuta sindano ya mwisho.

Mumbi alimshika kichwa. Tosha alimramba kiganja, akidhani amekuja kutolewa nyuzi.

Mumbi aliporudi nyumbani peke yake, Kahiga alikuwa akimngoja mlangoni na bendeji mguuni, suruali iliyoraruka ikining'inia mkononi.

"Mbwa wako ndiye aliyeirarua, mama. Utaishona ama nimpigie tajiri wa ploti tena?"

Mumbi aliipokea. Alitafuta uzi wa rangi ileile, akaketi, akaanza kushona, huku Kahiga akiwa amesimama nyuma yake na kumwambia asilikunje pindo, linyooke.