Ubeti Niliomtungia Mkwe Wangu

Jamani, msianze kucheka. Ngojeni nimalize ndipo mcheke kwa pamoja, kwa sababu aibu hii bado mbichi, mpaka leo mtu akitaja Olumbi tu masikio yananiwaka moto, na ninawasimulia nyinyi kwa kuwa najua mmeshaisikia mitaani (Palma hii, nani anaweza kuficha kitu?) na wote walioisimulia wameitia chumvi, eti nilikimbia, eti niliruka ua. Uongo mtupu. Sikukimbia, miguu iligoma.

Mnalijua duka langu la mabati na misumari pale karibu na soko. Asubuhi wateja ni wa kuhesabu, na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia, maana rafiki yangu mmoja aliniona napiga miayo akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp la mafumbo. Mwenye kundi ni mwalimu mstaafu wa Mtwara. Kila siku saa tatu asubuhi anatuma mraba wa herufi, ndani yake ameficha maneno matano, ukiyapata unatunga ubeti mmoja wenye maneno yote matano, tena wa kuchekesha, na lazima uuimbe kwa sauti yako ndipo uutume, kuandika marufuku (sisi wa huku tuliosoma Kireno tukiandika Kiswahili, wenzetu wa Mtwara wanadhani ni karatasi ya daktari). Na kila mtu anatumia jina la kubuni. Mimi nilijiita Pono, yule samaki wa usingizi, na nikiimba nilikuwa nabana pua kwa vidole viwili ili wateja wangu walio kundini wasinijue.

Basi nikanogewa! Na aliyeninogesha zaidi ni mwanamke mmoja aliyejiita Chaza. Namba yake ilikuwa ya Tanzania, kwa hiyo nikajua ni mama wa Mtwara huko, na alikuwa na tabia moja, kabla ya kuimba anacheka kwanza, kicheko cha kuku aliyetoka kutaga, halafu ndipo anakushushia ubeti mpaka unashika mbavu. Tukawa tunajibizana kila siku. Wengine kundini wakawa wanatusubiri sisi wawili tu. Siku moja Chaza akamwimba mkwe wake, mume wa binti yake:

*Mkwe wangu ana nyundo, paa lake linavuja,*
*Kulala ndio mtindo, kazi kesho itakuja.*

Nilicheka mpaka nikakaa chini juu ya misumari. Nikamjibu palepale, "Mkwe huyo, dada Chaza, mpe ukoko na maji!" Wallahi nilimwonea huruma mama wa watu kupata mkwe goigoi namna ile.

(Nimeshawaona wawili mnatabasamu. Tulieni.)

Sasa wakati huo nyumbani kwangu paa lilikuwa linavuja. Ndiyo, muuza mabati, paa linavuja, semeni mmalize. Mke wangu Anshia aliniambia mwezi wa kwanza, akaniambia mwezi wa pili, nami kila asubuhi nasema nikimaliza fumbo napanda, nikimaliza fumbo nakuta jua kali, jua likipoa nimeshasahau. Mvua ikaja, ikachagua kumwagikia godoro, upande wake yeye. Anshia hakupiga kelele. Alikunja nguo zake, akaniambia, "Momadi, mimi siwezi kuolewa na mtu aliyeoa fumbo," akaenda kwao Olumbi kwa mama yake. Nyumba ilipooza, nawaambia ukweli, nilikula mihogo ya kuchoma siku tisa na kila usiku nilikuwa nalala upande wa godoro uliolowa ili nijiadhibu.

Hapa lazima mnielewe vizuri, hasa nyinyi vijana mnaotaniana na wakwe zenu siku hizi. Kwetu mkwe ni mkwe. Mama mzaa mke huzungumzi naye ana kwa ana, hamtaniani, hamli pamoja, ukimwona njiani unampisha mpaka kwenye majani. Miaka mitatu ya ndoa, salamu zangu kwa mama huyo zilipitia kwa Anshia, na majibu yakarudi kwa Anshia. Sauti yake nilikuwa naisikia kwa mbali tu akifukuza kuku, na yangu yeye sidhani kama aliijua. Namba yake ya simu sikuwa nayo, ningempigia nimwambie nini? Nilijua tu kwamba wakati wa vita alikimbilia kwa dada yake Mtwara, akakaa, akarudi. Kwamba huko alisajili laini, hilo halikunipitia akilini hata mara moja.

Nikamwendea Mjomba Bakari aende kuniombea mke wangu. Mjomba akanipa sharti moja, mbele ya mkwe niseme fumbo nimeliacha, na niwe nimeliacha kweli. Nikakubali, tena kwa moyo wangu wote. Ila siku tunayofika Olumbi, Mjomba akasimama barabarani kusalimiana na mtu anayejuana naye, na saa tatu ikagonga. Simu ikatetemeka mfukoni. Nikajiambia, Momadi, moja tu, la kuaga, waungwana hawaondoki bila kuaga. Nikajitia kwenye mihogo ya watu, nikafungua. Maneno yenyewe? Pazia, kobe, ukoko, ndimu, mkwe. Jamani, ningefanyaje? Yalijitunga yenyewe! Nikabana pua:

*Mkwe nyuma ya pazia, kobe kaingiza shingo,*
*Ukoko kanigawia, wali kafunika ungo,*
*Ndimu kanikamulia, tone moja kwa mpango,*
*Nami nimevumilia, njaa yapinda mgongo!*

Tena ukoko ule ulikuwa wa kweli. Wiki chache nyuma Anshia alikwenda kumsalimia mama yake, akarudi na bakuli, "mama amekupa salamu zako", kufunua, ukoko mtupu, na niliuma midomo kwa uchungu. Nikatuma. Lakini mtandao wa pale mnaujua, ubeti ukakwama, kile kisaa kinaonekana tu, hauendi. Nikanyamazisha simu, nikaitia mfukoni, nikamfuata Mjomba.

Tukapiga hodi, tukakaribishwa, tukavua viatu, tukaketi mkekani. Baba mkwe ni marehemu, kwa hiyo kesi yote ilikuwa mikononi mwa mkwe mwenyewe, naye alikuwa chumbani nyuma ya pazia kama ilivyo heshima. Anshia alikuwa jikoni uani, nasikia sufuria zinavyowekwa chini kwa hasira. Mjomba akaanza, na Mjomba akianza hotuba mnajua, ataanzia babu wa babu. Alipofika kwangu, sauti ya mkwe ikatoka nyuma ya pazia, kavu kabisa, haisemi na mimi, inasema na Mjomba.

"Mwambie mkwe, mimi sina neno naye. Neno langu ni hiyo simu. Mtu mzima anashinda na fumbo kama mtoto na gololi, mwanangu analala majini! Fumbo ndilo nini? Linaliwa?"

"Haliliwi, mama Anshia," Mjomba akasema.

"Basi aape ameliacha, ndipo nimwachie mwanangu aende."

Mjomba akanigeukia. Anshia naye akanyamaza jikoni, hata sufuria zikanyamaza. Moyo wangu wote ulikuwa kwenye ule ukimya wa jikoni, wenzangu. Nilimtaka mke wangu. Nikainua kidole, nikasema kwa sauti kubwa asikie, "Wallahi, fumbo nimeliacha, tangu wiki iliyopita sijaligusa!"

"Alhamdulillahi," Mjomba akasema, akaendelea na hotuba, sasa yuko kwenye subira za wake wa manabii, na mimi nahesabu tu vinyuzi vya mkeka, namshukuru Mungu yameisha. Kumbe mle mfukoni mtandao umerudi. Na kumbe kule nyuma ya pazia kuna mtu amechoshwa na hotuba kama mimi.

Nikasikia sauti. Nyembamba, ya puani, inatoka chumbani kwa nguvu zote za spika: *Mkwe nyuma ya pazia, kobe kaingiza shingo...*

Mjomba akakata maneno. Nikasema labda naota. Ubeti unaendelea, ukoko, ungo, tone moja kwa mpango, na ulipofika kwenye njaa yapinda mgongo, nyuma ya pazia kikatoka kicheko. Kicheko cha kuku aliyetoka kutaga. Lahaula! Nilikijua kile kicheko kuliko ninavyoujua mlio wa pikipiki yangu. Chaza! Kikakatika ghafla, naye amekumbuka ana wageni.

Nilijua bado naweza kuokoka, nani ataijua sauti ya pua? Ndipo Anshia akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Hiyo sauti ya kubana pua naijua mimi," akasema. "Imeninyima raha miezi minne. Momadi, leo asubuhi umetuma?"

Akanipita, akafunua pazia lote, shwaa! Na hapo, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, mimi na mama mkwe tukatazamana macho kwa macho, yeye ameketi kitandani, simu mkononi, ncha ya kanga mdomoni.

"Mama! Na wewe?"

"Mimi nilikuwa naangalia saa," mkwe akasema.

"Saa gani inaimba?" Mjomba akauliza, na maskini aliuliza kwa nia njema, alitaka kujua.

Nyinyi mnacheka, lakini mimi pale mkekani mambo yalikuwa yananiangukia moja baada ya jingine. Yule goigoi mwenye nyundo, paa linavuja, ni mimi. Yule niliyemcheka mpaka nikakalia misumari, ni mimi. Na ule ukoko! Ni mimi niliyemshauri Chaza ampe mkwe wake ukoko, naye akaona ni shauri zuri, akafuata! Nilijikalisha njaa kwa mdomo wangu mwenyewe. Na bado nilikuwa nimeapa, mbele ya wazee, kwa jina la Mungu, kidole juu.

Anshia alitutazama, mimi, mama yake, mimi tena. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake macho yakamjaa machozi, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

"Miaka mitatu nabeba salamu zenu," akasema. "Mwambie mama, mwambie mkwe, kwenda na kurudi kama punda. Kumbe nyinyi kila asubuhi mnachekeshana, na mimi ndiye mnayemnunia. Haya. Kaeni. Tungianeni mpaka mchoke."

Akaja kwangu, akanichomolea ufunguo wa nyumba mfukoni mwa shati, akamwambia Mjomba, "Mjomba, twende Palma." Nikataka kuinuka, Mjomba akanibonyeza bega.

"Wewe si ulitaka mkeo arudi nyumbani? Anarudi. Wewe utakuja ukiitwa."

Wakaondoka. Na mimi nikabaki ukweni! Mwanaume mzima, peke yangu, siku mbili, nalala kwenye kibanda cha uani, nikisikia mkwe anatoka mimi nazunguka nyuma ya choo, akisikia mimi nakohoa yeye anarudi ndani, na chakula nikiletewa na jirani anayejibana asicheke, sahani ya wali uliojaa, samaki wa nazi, na pembeni ndimu nzima. Sikuweza hata kusema asante.

Siku ya tatu Anshia akapiga simu. Hakusalimia. Akasema, "Njoo na ngazi." Nilipanda paa siku ileile na sikushuka mpaka nilipoziba tundu la mwisho. Kundi nimejitoa, na kuapa, jamani, kuapa nimeacha kabisa, mtu akinidai neno namwambia nitajaribu.

Chaza naye alijitoa siku hiyohiyo. Mke nimempata, alhamdulillahi, na kila siku nashukuru. Lakini saa tatu ikifika pale dukani nakuwa na kitu cha kumwambia mtu, na huyo mtu nyumba yake naijua. Idi hii tulikwenda kumsalimia. Nikasimama uani kichwa chini, kama anavyotakiwa kusimama mkwe, nikamwambia Anshia, "Mwambie mama shikamoo."

Anshia akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka.

"Amesema marahaba."