Siku Nilipokula Sukari ya Foleni

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine: mimi, balozi wa nyumba kumi hapa Kariakoo, niliwahi kula sukari ya wananchi kwa mikono miwili, mchana kweupe, foleni nzima ikinitazama.

Miaka ile sukari ilikuwa ya mgawo, na ikisikika gunia limefika, watu wanaweka mawe na ndala kushika nafasi mlangoni pa duka la ushirika tangu alfajiri. Orodha ya majina nilishika mimi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshajidunga sindano yangu ya kisukari (naam, mgawa sukari mwenye kisukari, chekeni tu), mke wangu akanifuata na kikombe cha uji. "Baba Zuhura, kunywa kwanza." Nikamwambia nitakunywa nikirudi, maana nilitaka watu wanikute pale, asije mtu akasema balozi ametanguliza ndugu zake.

Nikaanza na hotuba, mnanijua, nikawalaani walanguzi weee, kisha nikaita majina, na kufika la tano au la sita jasho likanitoka, mikono ikatetemeka, herufi zikawa zinatembea kwenye karatasi, na hasira ikanipanda, sijui ilitoka wapi, nikamwita Bi Hidaya mlanguzi (mkunga wetu, aliyemzalisha hata mke wangu na kunifundisha mimi kujidunga).

"Balozi kalewa," mtu akasema.

Mimi, ambaye pombe sijawahi kuionja. Nikataka kujibu, ulimi ukagoma, na hapo nikaona mkono, ambao niliutambua kwa saa tu kuwa ni wangu, ukizama guniani na kurudi kinywani, ukazama tena. Wakanikamata shati. Bi Hidaya, huyo huyo niliyemtukana, akawasukuma.

"Mwacheni ale. Amejidunga sindano hajala, ubongo wake una njaa."

Nikakalishwa chini, ndevu zimejaa sukari, na taratibu nyuso zikaanza kurudiwa na majina yake. Bi Hidaya akaeleza mbele ya wote kwamba sindano ile hushusha sukari ya damu, na ubongo unaishi kwa sukari hiyo, unaipima usiku na mchana, ndio unaotuita tule na kutuambia basi, na ikikaribia kwisha hauombi ruhusa ya mwenye mwili. Nilistaajabu, wallahi, na mpaka leo nastaajabu. Kumbe kichwani mwangu kulikuwa na mgawaji mwingine asiyelala, na siku ile alitoa heshima yangu ili anibakishie roho.

Jioni nikampelekea Bi Hidaya msamaha wangu pamoja na orodha, nikamwambia watafute balozi mwingine. Msamaha akaupokea, orodha akanirudishia. Na nikaapa sitajidunga tena kabla sijauona uji mezani.

Gunia lililofuata, nimesimama mlangoni nakohoa nianze hotuba, mama mmoja akauliza kutoka nyuma, "Balozi, ushakula?" Foleni nzima ikanyoosha shingo kungoja jibu. Nilikuwa nimekula, lakini nani angeniamini? Mke wangu akaitwa aje na kikombe, nikanywa mbele yao mpaka tone la mwisho, ndipo wakaniruhusu nifungue gunia.