Kadi Haijafa, Fundi

Winfrida aliuza mitumba katika soko la Kwa Sadala miaka kumi na mitatu, na hakuna aliyemuuzia shati lililochanika kwapa akaondoka salama. Kwa hiyo Godbless, fundi wa kompyuta kutoka mjini, alipoingia nyumbani kwake bila shikamoo, akabonyeza vitufe viwili na kusema kadi ya mtandao imekufa, bora anunue mashine nyingine dukani kwake, damu ilimpanda kichwani.

"Umejuaje imekufa?"

"Si intaneti haiingii, mama?"

"Kwa hiyo maji yasipotoka, unanunua bomba jipya?"

Godbless akacheka, akatazama saa, akawasha pikipiki na kuteremka zake.

Siku hiyohiyo, saa nane mchana, mratibu wa vijana wa Kizungu wanaokuja kujitolea mashuleni alikuwa anapanda Old Moshi kukagua nyumba. Vijana sita wangepanga kwa Winfrida mwaka mzima, kwa sharti moja: intaneti iwe humohumo ndani. Isipokuwepo, wanapelekwa hoteli ya mjini, na vile vyumba vitatu alivyojenga kwa jasho la mitumba vinabaki vya panya.

Intaneti yenyewe ilitoka kwa shemeji yake Eliakim, upande wa pili wa kihamba, shamba la ukoo, ambako dishi la paani liliuona mji bila kizuizi. Toka kwenye kisanduku cha mtandao cha Eliakim, waya mweusi ulipita migombani, umeshikizwa kwenye masale, mimea iliyopandwa mpakani, hadi sebuleni kwa Winfrida.

Robota la mitumba lisipofika, hubomoi duka. Unarudi njia uliyopita, kituo kwa kituo. Winfrida akaanza kwa Eliakim.

"Kwako inaingia, shemeji?"

"Inaingia. Nasoma magazeti hapa."

Basi dishi zima. Akarudi, akachomoa mashine yake, akajitwika juu ya ngata kama debe la maji, akaipeleka kwa Eliakim na kuichomeka kwa waya mfupi. Taa ya kijani ikawaka nyuma ya mashine. Ukurasa ukafunguka.

"Imekufa!" alifoka. "Mtu anapanda mlima kuja kumwandikia mzima cheti cha kifo!"

Umebaki waya. Akaufuata, mkono juu yake. Ulipofika penye mibuni uliyaacha masale, ukapanda mgombani. Mgomba ulikuwa umelemewa na mkungu, umeegemezewa mti, na waya umezungushwa mara tatu na kukazwa fundo ambalo hata dume la ng'ombe lisingelikata. Gamba la waya lilikuwa limepasuka na nyuzi za shaba zimekatika.

Mama mkwe wake akatokea na mzigo wa majani ya ng'ombe. Winfrida akaimeza hasira. Mkamwana hamfokei mama mkwe, tena kihambani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeona nilivyouokoa mgomba? Upepo wa juzi ungeulaza. Nikakuta kamba nzuri imekaa bure kwenye masale."

Eliakim, aliyekuwa amemfuata Winfrida, akageukia mibuni, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Kamba nzuri kweli, mama," Winfrida akasema, meno yamebana.

Hasira ikatafuta mwenye kosa, ikampata kwenye simu.

"Godbless! Panda sasa hivi na koleo lako la kubania waya. Marehemu wako anasoma magazeti kwa shemeji yangu! Ulishindwa kutembea hatua hamsini kwenye migomba, ukataka niuziwe mashine? Unakuja bure. Usipokuja, Kwa Sadala nzima itajua jina lako kabla soko halijafungwa."

Alikuja. Safari hii shikamoo ilitangulia pikipiki kuzimwa. Akakata palipoharibika, akaunga, akafunika maungio maji yasiingie. Winfrida mwenyewe akaufunga mgomba kwa kamba ya katani.

Saa nane kasorobo mashine ilikuwa imerudi sebuleni, taa yake ikawaka. Saa nane mratibu akafika, akafungua barua zake, akasoma mbili, akauliza vijana waje lini.

"Jumatatu," Winfrida akajibu, kabla mtu hajabadili nia.

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kizingitini, akainua kichwa. "Waambie ule mkungu wataula wao. Intaneti yao ndiyo iliyoushikilia."