Hema Ndani ya Nyumba ya Matofali

Baba aliyafyatua mwenyewe matofali ya nyumba yetu, kwa udongo wa shamba letu, pembezoni mwa mji wa Karatu, upande wa barabara inayopanda kwenda Ngorongoro. Aliyapanga yakawa tanuri, akalikandika udongo kwa nje, akajaza kuni kwenye midomo yake, akawasha. Tanuri la matofali halipoi upesi. Moto ulikuwa umekwisha kufa, lakini joto lilikuwa bado limo ndani, siku bibi mzaa baba alipoteremka kutoka kwake, juu karibu na msitu, kuja kuiona kazi ya mwanawe. Aliweka viganja juu ya tanuri. Akageuka, akaegemeza mgongo, akafumba macho, akasinzia.

Alipozinduka alisema, "Nyumba ya vitu hivi itanifaa. Nitakuja kukaa nanyi."

Neno hilo baba alikuwa amelibembeleza tangu babu afariki. Bibi aliishi peke yake kule juu, na masika yaliyotangulia aliteleza njiani akienda kuchota maji, akalala kwenye tope hadi mchunga mbuzi mmoja aliposikia sauti yake. Tangu hapo kila mvua iliponyesha baba aliacha chakula mezani, akasimama mlangoni akikitazama kilima kana kwamba angeweza kumwona. Kwa hiyo bibi aliposema atakuja, hakuna aliyewaza kumweleza kwamba tofali likishapoa limepoa. Nadhani hata baba aliamini kwamba moto ule wote aliouhangaikia umebaki ndani yake.

Alihamia kwetu nyumba ilipoezekwa. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, nikapewa kulala naye chumba kimoja. Kisha kikaja kipupwe.

Asiyeijua Karatu ya mwezi wa saba asituonee wivu kwa kuishi mahali pazuri. Ukungu unateremka kutoka kingo za kreta, unapita juu ya mahindi yaliyokauka, unaingia mjini bila hodi. Ukuta wetu ulikuwa wa tofali moja tu kwa unene, haujapigwa lipu ndani wala nje. Mchana jua liliupasha kidogo. Jioni ukalirudisha joto hilo lote, kisha ukaanza kuchukua la kwetu. Niliwahi kuuwekea kiganja asubuhi, nikahisi unanivuta joto mkononi kama ndama anavyovuta titi la mamaye, taratibu, bila kuchoka. Ulikuwa ukuta mzuri, mwekundu, ulionyooka. Nilikuwa ninaupenda na ninauogopa.

Ajabu ni kwamba kwa bibi ni juu zaidi, na nje kuna baridi kuliko kwetu. Lakini nyumba yake ilikuwa fupi, imeegemeza mgongo kwenye kilima, kuta zake za udongo nene kama kifua cha ng'ombe, na vitoto vya mbuzi vilifungwa ndani, karibu na moto. Ukiingia, sweta unavua mwenyewe.

Kwa mwanawe bibi hakulalamika. Alivaa gauni juu ya gauni, khanga juu ya sweta, na juu ya vyote koti la marehemu babu.

"Mama, umependeza leo," baba alimwambia.

"Nyumba nzuri huvaliwa nguo nzuri," alijibu, meno yakigongana.

Siri yake ilifichuka asubuhi moja, mama alipokwenda kuwasha moto kwenye kibanda cha jiko la nje. Alimkuta bibi amelala humo, kajikunja katikati ya kuni, kichwa juu ya debe la unga, paka tumboni.

"Jamani mama! Majirani wakikuona watasema nimekufukuza!"

"Waambie mimi ndiye niliyekimbia," bibi alisema. "Ule ukuta wenu una njaa. Nimeulisha mifupa yangu mpaka nimechoka." Akajipangusa majivu, akaona baba amesimama mlangoni, akashusha sauti. "Mwanangu, nyumba yako ni nzuri. Watu wanaipita wakiitazama. Lakini kipupwe kikiisha, nirudishe kwangu."

Baba hakubisha. Alinunua simenti, akaita fundi, chumba chetu kikapigwa lipu ndani. Ukuta ukawa laini na wa kijivu, na baridi ikawa ileile, sasa imenyolewa ndevu. Akataka kutuwekea jiko la mkaa chumbani. Mama akalitoa palepale, akasema hataki kuzika watu wawili kwa ajili ya joto.

Aliyetuokoa ni kaka yangu, ambaye ni dereva wa watalii. Alirudi kutoka safari akiwa na hema kwapani, la namna ile inayosimama yenyewe kwa vijiti vinavyopinda. Zipu ilikuwa imeharibika na ofisi yao ilikuwa inalitupa. Alituambia kwamba wageni wake hulala ndani ya mahema hayo huko juu kabisa, penye baridi ya kukata masikio, na asubuhi wanatoka wakicheka.

"Kwa hiyo mimi niwe mzungu?" bibi aliuliza.

"Bibi, jaribu tu. Ukilala vibaya nitaliuza."

"Nilale ndani ya mfuko, kama viazi?"

Tulitoa vitanda. Kaka alilisimamisha hema katikati ya chumba, mbali na kuta zote nne, nasi tukatandika godoro ndani yake. Bibi alilizunguka kwanza, akalisukuma kwa fimbo, likatikisika, akacheka. Halafu akainama na kuingia kwa magoti, akilitukana kwa Kiiraqw, maneno ambayo mama alikataa kunitafsiria. Nikamfuata. Mlangoni tulibana khanga kwa pini badala ya zipu.

Ndani kulikuwa na rangi ya chungwa na harufu ya vumbi la barabara ya mbali. Tulilala mgongo kwa mgongo. Pumzi zetu, ambazo kila siku zilikuwa zikienda kunywewa na ukuta, zilibaki nasi. Nilihisi joto la bibi likifika kwangu, langu likirudi kwake.

"Mke mwenza," alininong'oneza, maana ndivyo alivyoniita kwa utani, kwamba tulimgombea babu, "humu mna nafasi ya mbuzi mmoja."

Habari zilienea. Jirani yetu, mama mwenye duka, alikuja kabla ya chai. "Hodi! Nasikia mna mtalii humu."

"Karibu," sauti ya bibi ilitoka ndani ya hema. "Kiingilio ni sukari kilo moja. Picha unalipia tofauti."

Basi kipupwe chote tukaishi hivyo, na baba akawa akipita mlangoni kwetu kila asubuhi akisikiliza kama mama yake anakohoa. Neno la bibi la kurudi kwake lilikuwa bado limesimama, na mwezi wa nane ulipokuwa unaisha, ukungu ukipungua, bibi alifunga nguo zake kwenye khanga.

"Leo nipelekeni," alisema.

Tulipanda na gari la kaka. Baba alikaa mbele. Nyumba ya bibi ilikuwa vilevile, fupi, imenyamaza. Aliingia, akapapasa kuta kama anayempima mtoto homa. Hakukuwa na moto wala mbuzi, na udongo ulikuwa umepoa. Alikaa humo peke yake kitambo, sisi tukiwa nje. Alipotoka alikuwa amefuta macho.

"Ng'oa huu mlango," alimwambia baba.

Ulikuwa mlango wa mbao nzito ambao babu aliuchonga. Baba alimtazama. "Mama, nikiung'oa, fisi wataingia."

"Wamle nani? Mimi si nitakuwa kwenye hema?" Mlango ulipong'oka, akafungua khanga, akatoa nguo moja moja, akazitandaza juu yake ili usikwaruzike garini. "Ile sakafu yenu ya simenti inauma kuliko ukuta. Godoro langu linataka mbao chini yake."

Baba aliubeba mlango kichwani mwenyewe hadi garini, akatukatalia kumsaidia. Jioni ile tuliuingiza ndani ya hema upande wa bibi. Aliupiga kwa kisigino, akasikiliza, akaridhika.

"Na upande wangu?" nilimuuliza.

"Wewe damu bado inachemka. Lala kwenye simenti, mke mwenza, kisha sogea huku."