Kidole Ambacho Kioo Hakikukihisi

Usiniambie ni njaa wala jua la Handeni. Nilikuwa nimeshiba ugali, nimekaa kivulini, na shahidi ninaye.

Mimi ni wa Kwamndolwa, Korogwe. Shule niliishia kidato cha pili, ila programu za simu nilijifunza mwenyewe. Niliwatengenezea wafugaji ramani: ukikuta maji unagusa, alama inabaki, wenzako wanaiona. Kumbe mtu akiburuta kidole kusogeza ramani, simu ilidhani amegusa, ikaweka maji pasipo na maji! Mzee mmoja alifuata alama ya uongo, akakuta vumbi. Ndama wake wawili walibaki hukohuko. Nililia, sikufichi. Siku ninayokusimulia nilikuwa naenda kuwaambia wafugaji waifute ramani hiyo.

Kufika Kwedizinga, pikipiki niliyokodi ikapasuka tairi. Dereva akiziba, nikakaa kando ya duka na simu yangu. Bibi mwenye shuka jekundu akaketi karibu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu. Ndiyo hiyo iliyowadanganya ng'ombe?"

Dereva akacheka. "Bibi, usimmalizie mwenzio bando!"

Bibi akaburuta kidole kwenye kioo. Ramani ikamfuata kama mbuzi, bila kudondosha alama hata moja. Kisha akakituliza mahali, akakiinua palepale. Alama ikaota.

"Anayepita hatui mzigo," akasema. "Anayefika hutua. Simu yako haijui hilo?"

Niamini, nywele zilinisimama. Jibu si ndilo hilo? Kidole kikihama, ni safari. Kikiinuka palepale kilipotua, ni alama. Nikaandika hapohapo, mistari sita tu. Nainua kichwa nishukuru, hayupo. Dereva naye anaangaza macho huku na huku.

Sasa sikia. Programu yangu huandika kila kidole kinachogusa kioo, nipate kuona makosa. Kwa muda wote ule bibi alipokuwa akigusa, iliandika sifuri. Sisi tulimwona, kioo hakikumhisi.

Nikawapelekea wafugaji ile alama ya bibi. Yule mzee akasema, "Twende. Ukidanganya tena, maji utayabeba wewe mgongoni." Tukafyeka miiba, tukachimba, tukakuta kisima cha zamani kilichojengewa mawe. Maji! Vigelegele vilinipasua masikio, na mzee akanikumbatia mbele ya ng'ombe wake wote.

Leo maboma yote ya kule yanatumia ramani yangu, na haijadanganya tena. Ila alama ya bibi nimejaribu kuisogeza mara nyingi. Haisogei.

Kwa hiyo nawe unayeunda ramani, usiamini kidole kabla hakijainuka. Na bibi usiyemjua akitaka kuiona simu yako, mpe. Mpe tu.