Magoti ya Pernilla

Tangu achanjwe dhidi ya mafua ya nguruwe, miaka kumi na mitano nyuma, Pernilla Norrby aliishi na mambo mawili: usingizi wa ghafla mchana, na magoti kulegea kila akicheka. Akicheka sana huanguka kama nguo iliyochomoka kwenye kamba, macho wazi, akisikia kila kitu, asiweze kuinua hata kidole. Basi akaacha kucheka. Kwenye kiwanda cha kufulia nguo walimwita mvivu, wakamfukuza. Mumewe alisema amechoka kuishi na kabati lisilocheka, akaenda zake.

Ofisi ya kuwafidia walioathiriwa na chanjo haikubishia chanjo wala usingizi. Ilibishia magoti. Hakuna daktari aliyewahi kumwona akianguka, kwa hiyo Daktari Wikander alitumwa nyumbani kwake kushuhudia, mara moja tu, kisha faili lifungwe.

"Haya, cheka," alisema, kalamu mkononi.

"Nicheke nini? Sura yako?"

Dada yake, Ingegerd, aliyemwokea mgeni biskuti aina saba, akaingilia. Akaiga kuku. Akaiga mchungaji wa kanisa lao akitafuta miwani iliyo puani. Pernilla akazidi kununa.

"Mdogo wangu, jitahidi basi! Si maisha yako haya?"

"Ndiyo maana hayachekeshi."

Daktari akatazama saa. "Samahani, Pernilla. Nitaandika sijaona dalili." Akasimama, uso mzito kama wa jaji, akatoka nyuma ya meza.

Viatu alikuwa ameviacha mlangoni kama mgeni yeyote. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na tunduni kimechungulia kidole gumba, ukucha umepakwa rangi ya waridi inayometameta.

"Mjukuu wangu," alinong'ona, masikio yamemwiva. "Alisema hakuna atakayeona."

Pernilla akatoa sauti kama birika lililochemka. Shavu likalegea, ikafuata shingo, yakafuata magoti. Akateremka na kitambaa cha meza na biskuti aina zote saba. Daktari akamchutamia, akampima, akaandika mbiombio.

"Nimeona! Nimeona kwa macho yangu!"

Baada ya dakika moja akainuka nusu. Macho yakakutana na kidole. Chini tena.

"Ficha huo mguu, mwanamume wewe!" Ingegerd alipiga kelele, machozi yakimtiririka kwa kicheko.

"Ngojeni kwanza. Fomu inauliza mgonjwa amechekeshwa na nini," daktari alisema kwa unyonge. "Lazima nijaze?"

Ulimi ulikuwa umeanza kumrudia Pernilla, shavu bado sakafuni kwenye makombo.

"Jaza," alisema. "Na rangi yake. Halafu utie sahihi."